Mayai Sita Yenye Ufa, na Mzee Niliyemwita Mwongo

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na njia ya kuingia kwetu Kayole, Nairobi, ilikuwa matope matupu. Pikapu ya mzee ilifika saa kumi na mbili na robo, ikiwa imechelewa. Kwa karibu miaka miwili mzee huyo alikuwa akiniletea mayai kutoka Limuru, trei 40 kila siku ya kazi, nami nikiyagawa kwa akina mama wa vibanda na vijana wa mayai boilo kuanzia Kayole hadi Donholm. Tangu siku ya kwanza aliniambia waziwazi: "Mama, barabara ni mbaya. Katika mayai 100, matano yatafika na ufa. Hilo liweke kwenye hesabu yako." Bei yetu ya shilingi 400 kwa trei ilipangwa tukijua hivyo.

Siku hiyo niliamka vibaya. Jioni iliyotangulia mteja mmoja alikuwa amenirudishia mayai yenye ufa, tena kwa maneno makali. Basi nilishusha trei mbili za juu, nikaingia nazo ndani kwenye giza, nikaanza kuyamulika moja moja kwa tochi ya simu. Ukiweka tochi chini ya yai gizani, ganda linawaka rangi ya chungwa, na ufa ambao mchana huuoni unajitokeza kama unywele wa mwanga. Pale unapokuwa na shaka unagonganisha mayai mawili polepole: lililo zima lina mlio mkali, lenye ufa linajibu kwa sauti butu. Nilihesabu sita. Sita kati ya 60 ni asilimia 10, mara mbili ya alichokuwa ameniambia.

Nilitoka nje nikamwita mwongo mbele ya dereva wake na majirani. Nilimwambia amekuwa akinila pesa miaka miwili. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Mama, umehesabu trei mbili." Nikaona anakwepa. Akafunga mlango wa nyuma wa pikapu, akapokea pesa za siku hiyo, na hakurudi tena.

Mgavi niliyempata baada yake alikuwa akiniuzia trei kwa shilingi 420. Nyongeza ya shilingi 20 kwa trei inaonekana ndogo mpaka uizidishe: trei 40 ni shilingi 800 kwa siku, na kwa siku 25 za mwezi ni shilingi 20,000. Nilikaa hivyo miezi minne. Shilingi 80,000 ziliondoka kwa sababu ya mayai sita, na nilichelewa sana kujua kwamba yale mayai sita hayakuwa yamethibitisha lolote.

Nawaandikia watu wa aina mbili. Kuna wenzangu wanaosoma jioni baada ya kazi, wanaofika kwenye somo la takwimu na kukwama pale panapoanza uwiano wa sampuli (katika ulichochota, sehemu gani ina kile unachokitafuta) na mgawanyo wa kawaida (ule mkunjo wenye umbo la kengele). Na kuna yeyote anayenunua mali kwa jumla, iwe nyanya, mitumba au vyombo, akatazama sehemu ndogo kisha akatoa hukumu juu ya mzigo wote. Mimi nilikuwa wa aina zote mbili kwa wakati mmoja, na sikuona jinsi moja inavyohusiana na nyingine.

Wakati huo nilikuwa nasomea diploma ya biashara katika chuo kimoja hapa mjini, saa kumi na moja na nusu jioni hadi saa mbili na nusu usiku. Mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kupokea mayai, akifika darasani macho yameshakuwa mazito. Nilichofanya ni kukariri. Nilikuwa na fomula moja ya wastani na nyingine ya uwiano, nazo zilifanana machoni mwangu kama pacha. Katika mtihani swali liliuliza kuhusu uwiano, nikaweka fomula ya wastani. Swali lingine lilitaka eneo la upande wa kulia wa mkunjo, nikaandika namba niliyoikuta kwenye jedwali bila kuitoa kwenye 1. Nilipata alama 34. Nililia kwenye matatu, barabara nzima ya Jogoo, nimegeuzia uso dirishani. Kisha nikalipa shilingi 1,500 za mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi tunauita sapu, na nikawa na wiki saba za kujiandaa.

Aliyenisaidia ni jirani wa ploti moja nami, mwalimu wa hisabati wa sekondari. Nilimpelekea daftari langu lenye fomula. Aliliangalia, akalifunga, akasema, "Dada, hili tuliache kwanza. Una mahindi na maharagwe nyumbani?"

Nilikuwa nayo, ya githeri. Tulichanganya kwenye ndoo: vikombe saba vya mahindi na vitatu vya maharagwe, tukiwa tumechagua punje zinazokaribiana ukubwa. Akaniambia nikoroge vizuri, nifumbe macho, nichote, kisha nihesabu punje 50 na kuandika maharagwe ni mangapi. Mara ya kwanza nilipata 17. Nikarudisha, nikakoroga, nikachota tena: 13. Halafu 15, halafu 19, halafu 12. Watoto wa ploti walikuja wakataka kuchota nao. Kila jibu tulilitia kama nukta ya kalamu juu ya mstari mmoja kwenye karatasi kubwa, na jibu likijirudia tunaipandisha nukta juu ya mwenzake. Kufikia saa tatu usiku tulikuwa na nukta 80 na zaidi. Zilikuwa zimejijenga kichuguu: nyingi zimebanana katikati, karibu na 15, zikipungua kadiri unavyokwenda pembeni, chache sana chini ya 9 au juu ya 21.

Mwalimu alielekeza kidole kwenye ndoo. "Ndani humu uwiano ni mmoja tu, haubadiliki. Takriban 0.3. Hizo nukta zako ndizo zinazobadilika. Kila nukta ni sampuli nzima, siyo punje."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifungua. Muhula mzima nilikuwa nafikiri kwamba ule mkunjo wa kengele unachora mayai, au punje, au watu. Punje haina kengele: ni haragwe au ni hindi, basi. Yai lina ufa au halina. Kengele inatokea pale unapokusanya sampuli nyingi za ukubwa ule ule na kutazama uwiano wa kila sampuli ulivyotawanyika kuzunguka uwiano wa kweli. Kama unasoma haya na mtihani uko mbele yako, simama hapa kwanza. Usiguse fomula hata moja mpaka uweze kumweleza mtu, kwa Kiswahili cha nyumbani, nukta moja kwenye kengele inawakilisha nini. Mimi nilifundishwa kwa Kiingereza, na maneno yalikuwa yanapita juu ya kichwa changu yakiwa yamevaa suti. Nilipolazimika kuyasema kama ninavyoongea na wateja wangu, nilijua mara moja wapi sijaelewa.

Baada ya hapo fomula ilikuja yenyewe. Chukua uwiano wa kweli, uzidishe na kile kinachobaki hadi 1, ugawanye kwa ukubwa wa sampuli, kisha utafute kipeuo cha pili. Hilo ndilo kosa sanifu, kipimo cha jinsi nukta zinavyotawanyika. Kwa githeri letu ni 0.3 mara 0.7, yaani 0.21, kugawanya kwa 50, na kipeuo chake ni karibu 0.065. Katika punje 50 hiyo ni kama punje tatu na kidogo. Ukienda makosa sanifu mawili kila upande wa 15 unafika karibu 8.5 na 21.5, na ndani ya nafasi hiyo inatakiwa kuwe na takriban asilimia 95 ya sampuli zote. Tulihesabu nukta zilizotoka nje ya mipaka hiyo: nne. Nilizitazama muda mrefu. Namba ya kwenye karatasi ya mtihani ilikuwa imekaa juu ya meza yangu ya jikoni ikiwa maharagwe.

Kuhusu ukubwa wa sampuli, kile kipeuo cha pili kina ukali wake. Nilidhani nikichota punje 100 badala ya 50 utawanyiko utapungua nusu. Haupungui nusu, inabidi uchote 200 ndipo 0.065 ishuke hadi karibu 0.032. Usahihi mara mbili unagharimu kazi mara nne. Mwalimu alinipa mfano wa kura za maoni. Sampuli ya watu 2,000 waliochaguliwa kwa nasibu ina kosa la takriban asilimia 2.2 kila upande, ukitaka uhakika wa asilimia 95. Katika uchaguzi wa urais wa Kenya wa Agosti 2022, matokeo yaliyotangazwa yalikuwa asilimia 50.49 kwa William Ruto na 48.85 kwa Raila Odinga. Tofauti hiyo haifiki asilimia 2. Kwa hiyo hata kura ya maoni iliyofanywa kwa uaminifu kamili, kwa watu 2,000, isingeweza kuwatenganisha wawili hao kwa uhakika. Nakumbuka watu mtaani wakibishana mwaka ule kwamba watu 2,000 hawawezi kuwasemea wapiga kura zaidi ya milioni 22. Kumbe ukubwa wa nchi siyo uliokuwa tatizo. Fomula haina mahali pa kuweka milioni 22. Ina mahali pa kuweka 2,000 tu, mradi sampuli ni sehemu ndogo ya umma wote, yaani watu au vitu vyote unavyotaka kuvijua, na imechaguliwa kwa haki.

Siku nilipoielewa fomula, jambo la kwanza nililofanya ni kurudi kwenye mayai sita. Sikumwambia mwalimu. Nilikaa na kalkuleta usiku nikaandika: uwiano alioahidi mzee 0.05, sampuli 60, nilichoona 0.10. Kosa sanifu: 0.05 mara 0.95, kugawanya kwa 60, kipeuo, 0.0281. Umbali kutoka 0.05 hadi 0.10 ni 0.05, na ukiugawanya kwa 0.0281 unapata alama ya z ya 1.78, yaani nilikuwa makosa sanifu 1.78 kutoka katikati ya kengele. Kwenye jedwali la maeneo ya kengele, 1.78 inatoa 0.9625 upande wa kushoto, kwa hiyo kulia inabaki 0.0375. Chini ya asilimia 4! Kama mzee alikuwa mkweli, basi nilichokiona kingetokea chini ya mara nne katika mia. Nilifurahi. Nakiri kwamba nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa natafuta hesabu itakayoniambia kwamba sikumdhulumu mtu.

Asubuhi nikamwonyesha mwalimu kwa fahari. Aliuliza swali moja: "60 mara 0.05 ni ngapi?"

Tatu.

"Na kitabu chako kinataka isipungue ngapi?"

Kinataka 10. Sharti hilo lilikuwa kwenye daftari langu, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na sikuwahi kulitumia: ukubwa wa sampuli ukizidishwa na uwiano usipungue 10, na ukizidishwa na kinachobaki hadi 1 pia usipungue 10. Vitabu vingine vinaridhika na 5. Tatu haifiki kokote. Mwalimu alichukua kalamu akachora kengele yangu: katikati 0.05, kosa sanifu 0.0281. Akaenda makosa sanifu mawili kushoto, na mkono wake ukapita sifuri ukaingia kwenye hasi. Kengele yangu ilikuwa inasema kwamba siku nyingine ningeweza kupata mayai yenye ufa pungufu ya sifuri. Uwiano mdogo na sampuli ndogo havitoi kichuguu chenye pande mbili zinazolingana; vinatoa mlima uliobanwa ukutani upande wa sifuri, wenye mkia mrefu kulia. Ukilazimisha kengele hapo, ule mkia wa kulia unahesabiwa mdogo kuliko ulivyo.

Tukapiga hesabu ndefu, ile ya kujumlisha uwezekano wa kupata sifuri, moja, mbili, hadi tano, kisha kutoa kwenye 1. Jibu lilikuwa karibu 0.079. Mara mbili ya nililopata kwa njia ya mkato. Yaani hata kama mzee alikuwa anasema kweli tupu, na kama ningekuwa nahesabu trei mbili kila asubuhi, ningekutana na mayai sita au zaidi yenye ufa takriban asubuhi moja katika kila 13. Kwa siku sita za kazi kwa wiki, hiyo ni karibu kila wiki mbili. Kila wiki mbili ningekuwa na sababu ya kumwita mtu mwongo.

Mwalimu akaniongezea jambo ambalo watu wengi hulikosea, nami nilikuwa nimelikosea. Ile 0.079 si uwezekano kwamba mzee ni mkweli. Ni uwezekano wa kuona mayai sita au zaidi, tukichukulia kwanza kwamba ni mkweli. Miaka miwili ya kunifikishia mali bila tatizo haimo kabisa ndani ya hiyo namba. Hiyo nilipaswa kuiweka mwenyewe kwenye mizani, na sikuiweka.

Halafu kulikuwa na kosa la tatu, nalo linaniuma zaidi kwa sababu halihitaji hesabu. Trei zote mbili zilikuwa za juu, upande wa mlango wa nyuma, mahali ambapo pikapu ikipiga shimo mzigo unaruka zaidi. Na mayai ya trei moja hayapasuki kila moja kwa wakati wake; trei ikidunda, yanapasuka matatu kwa pamoja. Fomula yote inasimama juu ya kuchagua kwa nasibu na juu ya kila yai kujitegemea. Mimi nilichagua kilichokuwa karibu na mkono wangu, asubuhi ya mvua, nikiwa nimekasirika. Hata sampuli ya mayai 1,000 iliyochukuliwa hivyo isingenisaidia. Nawaomba wenzangu wanaonunua kwa jumla mlizingatie hili kabla ya kitu kingine chochote. Gunia linalofunguliwa mbele yako limefunguliwa upande fulani na mtu fulani. Uliza kila kipande kilichomo kilikuwa na nafasi gani ya kufika mkononi mwako.

Nilirudia mtihani nikiwa na utaratibu mmoja ambao sikuuacha hata swali lilipoonekana rahisi. Kwanza naandika kwa maneno: uwiano wa kweli ni upi, sampuli ni ngapi, naulizwa upande gani. Pili napima lile sharti la 10, pande zote mbili, na kuangalia kama sampuli haizidi sehemu moja ya kumi ya umma. Tatu nachora kengele, hata kama ni mbaya, na kutia kivuli eneo ninaloulizwa. Kivuli hicho kiliniokoa mara mbili: nilipata 0.93 kwenye kalkuleta huku kivuli changu kikiwa kimkia kidogo tu, nikajua nimesahau kutoa kwenye 1. Angalieni pia kichwa cha jedwali mnalopewa. Kuna majedwali yanayohesabu eneo lote la kushoto na mengine yanayoanzia katikati. Kwa z ya 1.78 la kwanza litakupa 0.9625 na la pili 0.4625, na yote mawili ni sahihi. Na ndani ya kosa sanifu wekeni uwiano ulioahidiwa au ulioaminiwa, siyo ule mliouona kwenye sampuli, pale swali linapowapa ule wa kweli. Nilipata alama 61. Sikulia, ila nilikaa kwenye ngazi za chuo dakika kadhaa kabla ya kwenda kutafuta matatu.

Katika kusoma nilikutana na jina la Abraham de Moivre, Mfaransa aliyekimbilia London kwa sababu ya dini yake, akaishi kwa kufundisha watu hesabu na kuwashauri wacheza kamari. Mwaka 1733 ndipo alipoonyesha jinsi hesabu ndefu za kurusha sarafu mara nyingi zinavyoweza kukaribiwa na mkunjo mmoja. Hakuwahi kupewa uprofesa. Ninamfikiria alfajiri nikisubiri mzigo, mtu aliyekuwa akitoka nyumba hii kwenda ile kufundisha, kisha akirudi kwenye karatasi zake.

Sapu ilipopita, nilimgeukia mgavi wangu mpya. Yeye pia alikuwa ameniahidi matano katika mia. Safari hii sikutaka kuhukumu mtu kwa trei mbili. Nilikata vikaratasi 30, nikaviandika namba 1 hadi 30, nikavitia kwenye kikombe cha plastiki. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, katika kila trei ya zile 40, nilichomoa vikaratasi viwili na kumulika mayai yaliyokaa kwenye nafasi hizo. Mayai 80 kwa siku, 400 kwa wiki, kati ya 6,000 aliyoniletea. 400 mara 0.05 ni 20: sharti limetimia. Nilimwomba asimame nami tukihesabu, na sikumweleza kwamba namshuku, kwa sababu sikuwa namshuku. Kazi hiyo ilinichukua karibu dakika 40 kila asubuhi na wateja wawili walilalamika kwamba nawachelewesha.

Tulipata 31. Hiyo ni asilimia 7.75. Kosa sanifu lilikuwa 0.0109, z ikawa 2.52, na mkia ukabaki karibu 0.006, yaani mara sita katika 1,000. Asilimia yenyewe ilikuwa ndogo kuliko ile 10 iliyoniwasha hasira, lakini ushahidi wake ulikuwa mzito kuliko ule mara nyingi. Na kwa kuwa niliandika pia kila yai lilitoka trei ya ngapi kwenda juu, tuliona kwamba mengi yalitoka trei za chini kabisa. "Kaka," nikamwambia, "unazipanga nyingi mno, na hiyo kamba ya mpira unaikaza sana." Hakuona haya kusikia, kwa sababu alikuwa ameyahesabu kwa macho yake. Akapunguza urefu wa kila rundo. Baada ya wiki mbili tukarudia, tukapata 22 kati ya 400. Z ya 0.46, mkia wa 0.32. Hapo sikuwa na la kumdai.

Jumapili iliyofuata nilipanda matatu kwenda Limuru. Nilikuwa nimempigia mzee simu mara mbili hakupokea, mara ya tatu alipokea mke wake. Alinikaribisha, akaniwekea chai. Mzee alikaa kimya nikiongea. Nilimwomba radhi kwanza bila hesabu, kwa sababu kumtukana mtu mzima mbele ya dereva wake ni kosa hata kama angekuwa amedanganya. Kisha nikafungua daftari nikamwonyesha nukta za githeri na yale mayai sita yalipoangukia. Aliweka miwani, akafuata nukta kwa kidole kutoka kushoto hadi kulia.

"Nilikwambia ni trei mbili," akasema.

"Uliniambia, mzee."

Zile trei 40 alikuwa ameshampa mtu mwingine, na hakuweza kumnyang'anya. Alisema anaweza kuniletea 15 kila Jumanne na Ijumaa, kwa bei ile ya 400, na mengine niendelee kuchukua kwa yule mgavi wangu mpya. Nilikubali hapohapo.

Jumanne ya kwanza ilikuwa kavu na baridi. Mzee alishuka mwenyewe kwenye pikapu. Nilitoa kikombe changu cha vikaratasi, naye akaniomba simu ili ashike tochi. Nilichomoa namba mbili kwa kila trei, nikawa natoa yai, naye anamulika kutoka chini, tumeinamiana mlangoni. Trei ya tatu, moja lilikuwa na ufa. Trei ya saba, jingine. Kwenye trei ya 14 lilitokea la tatu, ufa mrefu kuanzia kwenye ncha. Matatu kati ya 30, asilimia 10 ile ile.

Alinitazama, mwanga wa simu bado uko chini ya yai. Nikachukua daftari, nikachora safu mpya, nikaandika tarehe, kisha 30, kisha 3. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba kwa trei 15 kwa safari itanibidi kungoja safari 14, wiki saba, kabla ya kufika mayai 420. Nikamlipa shilingi 6,000 zake, nikamuuliza kama Ijumaa atafika mapema.